Mashine Ikitega Sikio, Itasikia Ulimi wa Nani?

Katika kabati la mbao nililorithi kwa marehemu babangu, hapa Mji wa Kale wa Mombasa, mna kanda kumi na moja za kaseti. Zilinaswa baina ya mwaka wa 1983 na 1989 kwa redio kaseti ya ami yangu, na ndani yake mna wazee, wake kwa waume, wakighani tendi, wakijibizana kwa mashairi, wakitegana mafumbo, na mara nyingine wakigombana tu juu ya bei ya papa. Wengi wao wamekwisha kutangulia mbele ya haki. Joto na chumvi ya hewa ya Pwani vyazila kanda hizo taratibu. Mbili zimeshikana utepe, na moja ukiitia mashineni yalia kama paka aliyebanwa mlangoni.

Mwezi uliopita alinijia binti wa jirani yangu, mwanafunzi wa uhandisi katika chuo kikuu kimojawapo cha nchi hii. "Shikamoo, ami," akanisalimu, nami nikamwitikia, "Marahaba, mwanangu, karibu kitako." Hata kahawa haijapoa akanambia lililomleta. Ataka nimpe kanda zile azitie katika tarakilishi, aifunze mashine kusikia Kimvita na Kiamu. Kwani mashine zilizoko, asema, zasikia Kiswahili cha taarifa ya habari tu.

Hilo halikuwa geni kwangu. Niliwahi kuchukua simu ya mwanangu nikaiambia kwa ulimi wa mama, "Ndoo hapa nikwambie." Kila Mvita ajua kuwa huku ni kumwita mtu aje. Simu ikaandika ndoo, sawasawa kama nilivyosema. Walakin ilipotakiwa kufasiri kwa Kiingereza ikaleta chombo cha kutekea maji. Nikaiambia kuwa mato yananiuma, yaani macho, ikaandika matope. Mwanangu alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nilicheka pia, kisha usiku sikulala vyema.

Nilipolifikisha neno la yule binti barazani kwetu baada ya sala ya Isha, pakazuka kishindo. Mzee mmoja, maalim wa watu wengi, alisema kuwa mashine haina roho wala haya, na kisichokuwa na roho hakifunzwi ulimi wa watu. Wa pili akasema kuwa wageni wametwaa fukwe na viwanja, sasa wamerudi kutaka hata sauti za maiti wetu, kesho watatuuzia wenyewe. Wa tatu, ambaye mamake amo katika kanda zile, hakusema kitu. Alikunywa kahawa yake akaaga.

Mimi si mhandisi. Elimu yangu ya kwanza ni ya chuoni, mbele ya ubao na bakora ya mtobwe, na iliyofuata ni ya magazeti na malenga. Lakini sikutaka kujibu nisilolijua, basi nikamwomba binti anieleze mashine hizi zimefunzwa kusikia na nani, na kwa njia gani. Akanitajia majina mengi. Mmoja wao nimekaa naye tangu siku ile, nikisoma alichoandika na kilichoandikwa juu yake, na naona msomaji akijua maisha ya mtu huyu atajua pia kwa nini nimeamua nilivyoamua.

Mtu huyo ni marehemu Profesa Frederick Jelinek. Alizaliwa mwaka wa 1932 katika mji wa Kladno, karibu na Prague, katika nchi iliyokuwa ikiitwa Chekoslovakia. Babake alikuwa Myahudi, tabibu wa meno. Wanazi walipoitamalaki nchi ile, baba alipelekwa katika kambi ya Terezín, na huko ndiko alikofia. Mama, ambaye kwa kuzaliwa hakuwa Myahudi, alinusurika pamoja na wanawe. Mtoto yule alikosa skuli kwa miaka, kwa kuwa watoto wa Kiyahudi walipigwa marufuku kusoma. Mwaka wa 1949 mama akawahamishia Marekani. Kijana akasoma masomo ya jioni katika City College ya New York, kisha akapata msaada wa fedha ulioweza kumwingiza MIT, chuo mashuhuri cha ufundi katika jimbo la Massachusetts.

Yasimuliwa kuwa alipokuwa kijana alitamani kuwa wakili, awatetee wanaoonewa. Kilichomkatisha tamaa ni ulimi wake. Alijiona kuwa lafudhi ya kigeni haitamtoka, na wakili asiyesikika vyema mbele ya baraza la mahakama ameshindwa kabla ya kesi kuanza. Akageukia uhandisi wa umeme. Nataka msomaji alishike hili, kwani mtu aliyekuja kuifunza mashine kusikia Kiingereza ni mtu ambaye Kiingereza chenyewe kilimwona ana lafudhi.

Hata ndani ya uhandisi hakupenda sana nyaya na mitambo. Alipenda elimu moja changa iliyoitwa nadharia ya habari, iliyoasisiwa na Claude Shannon mwaka wa 1948. Elimu hii yauliza hivi: mtu akituma ujumbe, na njiani ujumbe ukakumbana na kelele, ukamfikia mpokezi umechakaa, mpokezi afanyeje apate kuujua ulivyokuwa? Jelinek alipata shahada yake ya udaktari mwaka wa 1962. Siku hizo alikuwa amemwoa Milena, Mcheki mwenzake, mwandishi wa filamu, na wawili hao wakienda pamoja kusikiliza darasa za Noam Chomsky juu ya lugha. Hapo ndipo lugha ilipomwingia moyoni.

Akaajiriwa katika Chuo Kikuu cha Cornell, na sababu moja ya kwenda huko ilikuwa mwanaisimu Charles Hockett, ambaye alitumai watafanya kazi pamoja, huyu na hesabu zake na yule na lugha zake. Alipofika akamkuta Hockett hana tena haja na mambo hayo. Ameshughulika kutunga opera. Mimi simlaumu Hockett. Mtu akishikwa na tungo haachiki. Jelinek akakaa Cornell miaka kumi akifunza na kuandika juu ya namna ya kufumba na kufumbua ujumbe. Mwaka wa 1974 yeye na wenzake watatu walichapisha njia ya kufumbua ujumbe uliovurugika njiani, ambayo wahandisi huiita kwa herufi za mwanzo za majina yao wanne, na yake ni ya tatu. Miaka mingi baadaye elimu hiyo ilikuja kutumika katika simu za mkononi. Huenda msomaji amewahi kuongea na nduguye aliye Jeddah au Muscat, na sauti ikafika safi, kwa baraka ya hesabu za namna ile.

Mwaka wa 1972 alikwenda katika maabara ya utafiti ya kampuni ya IBM, Yorktown Heights, katika jimbo la New York. Nia ilikuwa kukaa muda mfupi. Akakaa mpaka 1993. Kazi waliyompa ni kuongoza kikundi cha kutengeneza mashine itakayosikia maneno ya mtu na kuyaandika. Wakati ule kazi hiyo ilikuwa na jina baya. Mwaka wa 1969 John Pierce, mmoja wa wakubwa wa maabara ya Bell, alikuwa ameandika barua kali katika jarida la wanasayansi wa sauti, akiwakejeli wanaojishughulisha nayo. Na waliojishughulisha walidhani kuwa mashine yapasa ipewe kwanza elimu: kanuni za sarufi, kanuni za matamshi, ulimi unagusa wapi na mdomo wafunguka vipi.

Jelinek na wenzake walipita njia nyingine. Walilichukulia neno la mtu kama fumbo. Na hapa mimi, mwana wa watunga mafumbo, niliwaelewa kuliko nilivyotazamia. Tuseme nahodha yuko tezini, upepo wavuma, baharia yuko omoni. Nahodha apiga ukelele. Upepo wala nusu ya neno, na baharia asikia "lete ...anga" basi. Ni lete tanga au lete panga? Baharia hana haja ya kitabu cha sarufi. Ajiuliza mambo mawili. La kwanza: sauti niliyoisikia yafanana na lipi? La pili: hapa baharini, kwa upepo huu, nahodha huagiza nini mara nyingi? Akiyapima mawili hayo pamoja, akaleta tanga. Hiyo, msomaji, ndiyo elimu iliyompa Jelinek jina, ila mashine huyapima mawili hayo kwa tarakimu, na yapima maneno maelfu kwa nukta moja.

Lile swali la pili ndilo lenye maajabu. Mashine itajuaje kinachosemwa mara nyingi? Haijui ila kwa kuhesabu. IBM walikusanya maandishi kwa mamilioni ya maneno: barua za ofisi, mashauri ya mahakama, chochote walichokipata, wakaitazamisha mashine maneno mawili yaliyotangulia na kuihesabia ni lipi la tatu hufuata. Washairi tunaujua mchezo huu. Nikighani ukumbini:

Ngarawa nayo pwekeni, mawimbi yakinguruma,
Nalikwenda baharini, kabla ya jua ku...

watu hawaningoji. Ukumbi mzima utamaliza "zama" kabla yangu. Wamebashiri kwa kina na kwa mizani, na kwa jua ambalo maisha yake yote halina kazi ila kuchomoza na kuzama. Shannon mwenyewe aliwachezesha watu mchezo kama huo mwaka wa 1951, akiwabashirisha herufi ifuatayo katika maandishi ya Kiingereza, apate kupima ni kiasi gani lugha hujirudia.

Wala kuhesabu si uadui na ushairi, kama anavyodhani maalim wetu. Mrusi Andrei Markov, ambaye hesabu za Jelinek zimesimama juu ya mabega yake, alizionyesha mwaka wa 1913 kwa kuhesabu irabu na konsonanti katika herufi 20,000 za utungo wa Pushkin, *Eugene Onegin*. Shairi ndilo lililokuwa shamba lake. Na kabla yake kwa miaka zaidi ya elfu, Baghdad, al-Kindi aliandika risala juu ya kufumbua maandishi ya siri kwa kuhesabu ni herufi ipi hutokea mara nyingi na ipi mara chache. Mwenye asili ya Oman, al-Khalil bin Ahmad al-Farahidi, alikuwa amekwisha kuiweka arudhi katika duara zake katika karne ya 8. Sisi tunaohesabu mizani kwa vidole tusijifanye leo kuwa hesabu yatutia kichefuchefu.

Kazi ya IBM ilizaa matunda. Katikati ya miaka ya themanini walikuwa na mashine iliyoitwa Tangora, kwa jina la Albert Tangora, bingwa wa kupiga taipu. Ilianza kwa kujua maneno 5,000, ikafika 20,000, ingawa msemaji alitakiwa anyamaze kidogo baada ya kila neno, kama mtoto anayehijia. Kisha kikundi kilekile kikajaribu tafsiri, kwa kuipa mashine kumbukumbu za Bunge la Kanada, ambazo huchapishwa kwa Kiingereza na Kifaransa, sentensi kwa mwenziwe. Mashine za leo ziandikazo insha na kujibu maswali zimeacha kuhesabu maneno matatu matatu, zimeshika njia nyingine zenye nguvu zaidi, lakini ada ile ya kubashiri neno lifuatalo haikuachwa.

Jelinek alikuwa na ulimi mkali. Ameshikwa kwa mzaha mmoja uliozunguka dunia kwa sura nyingi, kwamba kila mwanaisimu anapoondoka kikundini mwake, mashine husikia vizuri zaidi. Wanaisimu walikasirika, na kwa haki. Mwaka wa 2004, alipopewa tuzo mjini Lisbon, alihutubia kwa anwani ya kusema kuwa baadhi ya rafiki zake wakubwa ni wanaisimu. Mimi katika mzaha ule namuunga mkono nusu. Namuunga mkono kwa sababu nimesomeshwa hivyo hivyo. Chuoni hatukufunzwa nahau ya Kiarabu kwanza. Tulisikia, tukarudia, tukarudia, hata Juzuu ya Amma ikakaa kifuani, na maana ikatufuata baada ya miaka, wengine haikuwafuata kabisa. Na Kimvita changu hakuna aliyenifunza kanuni yake. Nilikipata jikoni na uani. Wale wanaotuzomea magazetini kuwa lugha ni ile iliyoandikwa katika kamusi yao wangekaa na Jelinek siku moja wakaona kuwa lugha ni ile isemwayo.

Nusu ya pili simuungi. Mashine ya namna hii yajua kile tu ilicholishwa. Jambo lisilohesabika mara nyingi, kwake ni kama halipo. Na ikilisikia, italivuta lifanane na lile inalolijua. Ndoo itakuwa chombo, mato yatakuwa matope. Katika elimu yao kile kinachoupotosha ujumbe huitwa kelele. Basi ulimi wangu, uliotunga mashairi ya Kiswahili kabla hapajazaliwa Kiswahili sanifu, ukifika mbele ya mashine umekuwa kelele ya upepo.

Hili lilitupata mara moja bila mashine. Mwaka wa 1928 ulifanywa mkutano wa serikali za kikoloni juu ya lugha, na ulifanywa hapa hapa Mombasa. Ukaamua kuwa Kiunguja ndicho kitakachokuwa msingi wa Kiswahili cha skuli na vitabu, na mwaka wa 1930 ikaundwa kamati ya kukisimamia. Sina ugomvi na Waunguja, ni ndugu zetu, na nchi hizi zilihitaji lugha moja ya kusomea. Lakini tangu hapo mtoto wa Lamu aandikapo "mtele" hukatwa alama, aandikapo "kitwa" huchekwa, na "ndia" aliyopita babuye kwenda kisimani yahesabiwa kosa la tahajia. Vitabu viliyakosa maneno yetu, magazeti yakayakosa, na mashine iliyosoma vitabu na magazeti ikayakosa. Hakuna aliyetufanyia uadui. Hatukuhesabiwa tu.

Na yako mambo ambayo hata yakiandikwa hayaandikiki. Mvita hutofautisha kwa pumzi paa la nyumba na paa wa mwituni, na ana ta mbili, moja ya meno na moja ya ufizi, na mtunzi mzuri wa zamani hakukubali kuzitia katika kina kimoja. Herufi za Kizungu tulizopewa haziyaonyeshi. Mtu asomaye karatasi hayaoni. Yamo katika sauti, na zile za zamani hazimo popote ila kifuani mwa wachache na katika kanda zinazolia kama paka.

Hapa narudi kwa Profesa. Mwaka wa 1993 alitoka IBM akaenda Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, mjini Baltimore, akakiongoza kituo cha elimu ya lugha na matamshi. Kila kiangazi aliwakusanya wanafunzi na wataalamu kutoka vyuo mbalimbali, wakakaa wiki kadhaa, kila kikundi juu ya swali lake. Katika miaka ya kwanza ya karne hii kituo chake kilishiriki katika kazi iliyonigusa kuliko mashine zake zote. Huko Marekani palikuwa na hazina ya ushuhuda takriban 52,000, kwa lugha 32, wa watu walionusurika mauaji ya Wanazi dhidi ya Wayahudi. Saa zake zilizidi 100,000. Hakuna mwanadamu awezaye kukaa akazisikiliza zote. Basi vyuo kadhaa, pamoja na cha Prague, vikajaribu kuifunza mashine kusikia wazee wale, ili mtu akitaka kujua habari za mji fulani au kambi fulani aoneshwe ni mzee gani aliitaja, na wapi.

Mashine zilizokuwa hodari kwa msoma habari zilitaabika vibaya. Wazee wale walikuwa na lafudhi za nchi walikotoka, walichanganya lugha, walinong'ona, walilia katikati ya neno. Haikufaa kuwaambia waseme vizuri. Ilibidi watu wakae na sauti zao zenyewe, waziandike neno kwa neno kwa saa nyingi, waifunze mashine upya kwa sauti hizo hizo. Sijui moyo wa mtu, na sitamsemea marehemu. Nasema tu kuwa kijana aliyeogopa lafudhi yake mahakamani, mwana wa aliyefia Terezín, uzee wake ulimkuta akiongoza kituo kilichokaa na wazee wenye lafudhi kikatafuta namna ya kuwasikia walivyo. Alifariki ghafla mwezi Septemba mwaka wa 2010, akiwa chuoni kazini.

Nilimsimulia haya maalim wetu. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Sawa, sheikh, lakini bado haifahamu. Itasoma bila kujua maana." Nikamwambia, kweli haifahamu, na mimi nilipohitimu chuo mara ya kwanza sikufahamu pia, na wewe ndiwe uliyenifunza. Alicheka. Sikusema hivyo kumshinda. Nakubaliana naye kuwa mashine isiachiwe kumfunza mtoto utendi. Kumtafutia mtoto utendi, hilo yaweza.

Kwa yule wa pili, aliyesema tutauziwa sauti zetu, sikumpinga hata kidogo. Aliyesema hivyo ameuona ufuo alipochezea utotoni umezungushiwa ukuta. Binti alipokuja mara ya pili nilimwambia wazi: kanda hazitoki bila hati ya maandishi, inayosema ni za nani, zitatumika kwa nini, na kuwa hatazipeleka kwa kampuni yoyote kabla ya kuturudia. Nakala yake ikae hapa Mombasa na nyingine Lamu. Kila sauti iandikwe jina la mwenyewe, kwao, na mwaka. Binti alikubali, akanambia pia kuna mradi wa Mozilla uitwao Common Voice, ulioanza mwaka wa 2017, ambapo mtu hujitolea sauti yake mwenyewe, na Kiswahili kimo. Hilo nalo vijana wa Pwani walitazame. Aliye hai ajisemee mwenyewe.

Lakini yule wa tatu, aliyenyamaza, alinijia nyumbani asubuhi ya pili. Alikataa kuingia, akasimama mlangoni. "Ndugu yangu," akasema, "mama alighani pale kwa sababu alijua waliomo uani ni nduguze na wanawe. Hakuughania ulimwengu."

Sikuwa na jawabu, na mpaka leo sina. Msomaji wa bara huenda aone ni jambo dogo. Kwetu sauti ya mama wa nyumba ni stara yake, na aliyeipa ruhusa ya kunaswa hakuruhusu iende mbali zaidi ya ukuta ule. Ami yangu alipobonyeza kile kitufe mwaka wa 1986 alikuwa amwekea dadake kumbukumbu. Hakuna aliyewaza tarakilishi. Hesabu ya Jelinek yataka sauti nyingi, na zenye thamani kuliko zote ni za kina mama, kwa kuwa wao ndio waliobaki na Kiamu safi wakati sisi wanaume tulikwenda bandarini tukachanganya. Mambo mawili hayo nayaona yote ni haki, na hayakai pamoja.

Nimefanya hivi. Kanda saba, ambazo wasemaji wake ni wanaume walioghani hadharani, kwenye harusi na maulidi, nimempa binti. Alikaa sebuleni kwangu siku tatu akizitoa, na ule uliolia kama paka aliufungua kwa bisibisi ndogo akaunyoosha utepe kwa mkono. Kanda nne zimebaki kabatini. Hizo zina sauti za kina mama watano, na haziendi popote mpaka warithi wao waseme. Wa watatu nimewapata hapa hapa Mombasa. Wawili wamekubali, na mmoja, ndugu yangu yule wa mlangoni, bado anafikiri, nami simharakishi. Warithi wa wale wawili waliobaki wako Muscat. Nimewapelekea ujumbe wa sauti kwa simu, kwa Kimvita, na sijajibiwa.